Kibendera kibaki shimoni au king'olewe?

Katika gofu, hadi mwisho wa 2018, mpira uliopigwa kutoka kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) ukagonga mlingoti wa kibendera uliobaki shimoni ulimgharimu mchezaji mikwaju miwili ya adhabu, yaani mapigo mawili yaliyoongezwa kwenye hesabu yake. Januari 1, 2019, R&A na USGA, wanaotunga kanuni za gofu duniani, waliifuta adhabu hiyo. Sasa kila mchezaji huchagua kuuacha au kuutoa, mradi aamue kabla ya kupiga.

Nia ilikuwa kuharakisha mchezo, na kwa mpira wa mbali naikubali kabisa. Aliye mita 20 kutoka shimoni anahitaji kuuona mlingoti, na zamani ilimpasa mwenzake au kedi (mbebaji wa fimbo zake) ausimamie, kisha auchomoe mpira ukikaribia. Wachezaji wa kulipwa Bryson DeChambeau na Adam Scott walianza mapema kuuacha hata kwenye mikwaju mifupi, kwa imani kwamba mpira wenye kasi ukiugonga katikati hutulia na kuzama.

Ila si kila mpira hugonga katikati. Shimo lina upana wa milimita 108 na mpira haupungui 42.67. Mlingoti wa milimita 13 hivi, ukisimama wima, huacha nafasi ya takriban milimita 47 kila upande. Ukiinamishwa na upepo kuelekea kwako, nafasi hiyo hubanwa. Kanuni inakuruhusu kuunyoosha usimame katikati, lakini huruhusiwi kuulaza upande unaokufaa. Na wapo ambao mlingoti huwavuruga macho tu. Hao nao nawaelewa.

Kinachoniuma ni kwamba mjadala huu wa mikwaju umesahau ukingo wa shimo. Mlingoti ukiwa ndani, mkono unapenya kwa shida kuokota mpira, na wengine huuvuta juu kwa nguvu ili mpira utoke nao. Udongo humeguka. Kundi linalofuata linakuta shimo lenye pengo, na mpira uliolengwa vizuri unakwenda kombo.

Halafu kuna kundi la wanne: wawili wanautaka, wawili hawautaki. Ukitolewa na kurudishwa kila zamu, muda uliookolewa umepotea. Kwangu, wa mbali wamalize kwanza mlingoti ukiwa ndani, kisha utolewe mara moja, ulazwe taratibu nje ya grini, na wa karibu wamalizie shimo likiwa wazi. Haki ya kuchagua ibaki, lakini mtu aulize wenzake kabla hajaushika.