Diski ya nje haiponyi kompyuta nzito

Wiki hii nimemsikia tena fundi akimwambia mwenye laptopu nzito: "Nunua diski ya nje, uhamishie picha na video zako, itakuwa nyepesi." Akanunua. Picha zimehama, laptopu nzito vilevile, na hela imeshakwenda. Ushauri huu unaniudhi mno, maana wanaoutoa ndio watu tunaowaamini.

Picha zilizotulia ndani ya folda haziipunguzii kompyuta kasi. Diski ikijaa hadi pomoni, sawa, Windows inakosa pa kuweka faili zake za muda, na hapo kuhamisha kunasaidia. Lakini laptopu ile ilikuwa na nusu nzima ya diski iliyo tupu!

Tatizo lake lilikuwa ile diski ya kuzunguka iliyomo ndani. Sahani yake huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosoma lazima kiifuate kila faili mahali ilipo. Kila safari hula milisekunde 10 au zaidi, kwa hiyo kwa sekunde moja haziwezi kuzidi sana 100. Windows ikiwaka hudai maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika huku na kule. Fungua Task Manager (programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inavyofanya kazi) wakati huo: diski inasoma asilimia 100, lakini kasi iliyoandikwa hapo chini ni megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde. Diski iko hoi kwa kukimbizana na vipande. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikijaa mambo huzidi, kwa kuwa Windows huanza kuiegemea diski hiyohiyo. Halafu watu wanalaumu prosesa.

SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka wala kichwa cha kusubiri, na huifikia faili kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Nakili diski ya zamani yote kwenye SSD ya kawaida ya SATA (kiunganishi kilekile cha diski ya kuzunguka), ifunge ndani, na mashine uliyotaka kuitupa itakupa miaka mingine ya kazi. Nimeona mtu akiiwasha laptopu yake baada ya badiliko hilo, akadhani amepewa nyingine.

Diski ya nje inabanwa na waya wake. USB 2.0, ile ya zamani, ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde (sawa na megabaiti 60), na kwa matumizi halisi unapata megabaiti 30 hadi 40, hata ukichomeka SSD ya bei mbaya. SATA ya ndani inafika 550 hivi, na NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, inaweza kupita 3,000.

Kuna mashine ambazo kuzifungua ni balaa, kama iMac za zamani. Hizo, ukiweka mfumo kwenye SSD ya nje kupitia USB 3.0, iliyo na kasi kubwa kuliko 2.0, zitakimbia kuliko diski yao ya ndani ya kuzunguka. Ila waya ukichomoka katikati ya kazi, mfumo wote unaanguka.

Nakala za akiba ziweke nje, hilo halina mjadala.

Kabla hujatoa hela, ingia Task Manager, bofya Performance, kisha Disk. Windows za miaka ya karibuni zinaandika pale kama ni HDD (diski ya kuzunguka) au SSD. Ikiwa HDD, badilisha hiyo kwanza. Ikiwa tayari ni SSD na bado mashine ni nzito, angalia RAM.