Acheni Injini ya MGB Mahali Pake

Ukipita na MGB kuukuu, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, barabara ya Raskazone hapa Tanga, hutakosa mshauri. Dereva wa boda atakushauri, muuza madafu atakushauri, na fundi uliyempelekea pancha tu atafuta mikono na kusema: "Bosi, toa hiyo injini tukuwekee ya Toyota, ulale usingizi." Ushauri huo una mantiki yake. Spea za Toyota ziko kila kona ya Ngamiani, wakati gasketi ya MGB unaweza kuzunguka barabara zote za namba usiione. Hata hivyo naupinga, na si kwa mahaba ya vitu vya kale peke yake.

Tuanze na injini yenyewe. MGB ilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 mpaka kiwanda kilipofungwa 1980. Injini yake ya cc 1798 ni ya ukoo mmoja na zile za Austin Cambridge na Morris Oxford, kwa hiyo mzee yeyote wa gereji aliyewahi kufungua mojawapo ya magari hayo hataishangaa. Bloku ni chuma, hedi ni chuma, hakuna kompyuta wala senza. Tangu mwishoni mwa 1964 kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, imekaa kwenye beringi kuu tano badala ya tatu, na yangu, ya 1966, ni ya kundi hilo. Injini ya namna hii ikifa mapema, mara nyingi kuna mtu kaiua: kwa maji ya bomba kwenye rejeta, kwa oili isiyobadilishwa, au kwa kabureta inayochokonolewa na bisibisi kila wiki. Mtu huyo huyo ukimpa ya Toyota ataiua pia, ila itachukua muda kidogo.

Halafu hiyo kazi ya kubadilisha inasemwa kwa wepisi mno. Gia boksi ngeni haikai kwenye nafasi ya zamani, basi bati la katikati linakatwa. Vishikio vya injini vinachomelewa upya. Propela shafti inafupishwa na kuungwa. Mita ya spidi inabaki pambo. Mwisho wake unakuwa na gari ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha ufundi. Likikugomea Segera saa mbili usiku, anayelijua ni yule mmoja aliyelichomelea, naye kahamia Dar. Kipya kinyemi ingawa kidonda, ndivyo ilivyo.

Adui wa MGB hapa Tanga ni chumvi. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi, na kwa kuwa MGB ya wazi juu haina paa la chuma, sehemu kubwa ya uimara wake iko kwenye mihimili miwili inayopita chini ya milango. Mihimili hiyo ni bati lililokunjwa na kufungwa, ndani ni wazi, na humo ndimo unyevu wa bahari unapoingia na kukaa. Kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani kutu inakula taratibu.

Kuipima si kazi. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, ipitishe chini ya mlango. Pale inapoteleza bila kushika, chini yake ni puti, ule udongo wa kujazia bodi. Kisha weka jeki mahali pake pa kiwandani, nyanyua upande mmoja huku ukiangalia mwanya kati ya mlango na bodi. Mwanya ukibana au mlango ukikataa kufunguka, gari linajikunja katikati, na hapo usizungumze na mtu habari za injini.

Mafundi bodi wetu ni hodari, ila kuna mazoea ambayo siwezi kuyanyamazia. Bati juu ya bati, puti juu ya bati, rangi juu ya puti, na bosi anaondoka anacheka. Kutu iliyofunikwa haiachi kula. Mhimili wa MGB unakatwa wote mpaka kwenye chuma kizima, na kabla ya kukata lazima bomba la chuma lifungwe kutoka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, bodi isije ikalegea na kupinda. Fundi akikuambia hakuna haja ya bomba, ondoka na gari lako. Mabati mapya yapo: British Motor Heritage ya Uingereza inatengeneza hata bodi nzima tangu 1988. Yanachelewa kufika, na ukishalipa usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 utakuwa umekunja uso, lakini yanakaa yanapotakiwa kukaa.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango. Pulizia mafuta ya nta ndani ya mihimili kabla ya masika. Ukitoka Pangani, osha chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Na ule mfuniko wa nailoni unaouzwa kama zawadi kwa gari utupe, maana unafungia jasho usiku kucha.

Baada ya chumvi, umeme. Waingereza wenyewe wana mzaha wa kumwita Lucas, aliyetengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, mfalme wa giza. Nadhani anaonewa. Taa ikififia kwenye MGB, nenda kwanza mahali waya mweusi unapofungwa kwenye bodi. Utakuta nati ina kutu na chini yake rangi. Ikwangue kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, paka vaselini, kaza. Viungio vidogo vya shaba vinavyounganisha waya navyo hugeuka kijani kwa hewa yetu, na dawa yao ni hiyo hiyo. Lucas alikuwa na mpango mzuri wa rangi: kahawia una moto wakati wote, mweupe unapata moto ukiwasha swichi, kijani umepita kwenye fyuzi, bluu ni taa kubwa, mweusi ni athi, yaani ule unaofungwa kwenye bodi. Anayeshinda na magari haya anasoma waya kama ratiba ya daladala. Kinachoharibu ni yule anayekuja na kipande cha waya mwekundu alichokiokota, akaunga popote kwa gundi ya umeme.

Tahadhari moja kwa wenye magari ya kabla ya mabadiliko ya 1967: chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani ataigeuza betri bila hata kuuliza. Andika kwa rangi, herufi kubwa. Kuligeuza gari liwe la hasi inawezekana, ila dainamo lazima ifundishwe mwelekeo mpya na mita ya mizunguko ifunguliwe ndani, si suala la kubadilisha nyaya mbili tu.

Themostati nayo, ile vali inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. "Huku joto, ya nini?" Wanaitoa na kuitupa. Injini inachelewa kufikia joto lake, inakunywa petroli, na oili inabaki na unyevu. Injini ikichemka, tatizo liko kwenye rejeta iliyojaa matope ya kutu. Izibue, weka kulanti, rudisha themostati.

Kabureta zake mbili za SU ndizo zinazowatisha watu kuliko chochote, na ndizo ninazozipenda. Toa chujio la hewa, ingiza kidole, nyanyua pistoni ya kabureta, iachie. Inatakiwa ishuke yenyewe na kugonga chini, "tak". Isipogonga, ina uchafu au imekaa upande. Fungua kifuniko kidogo cha juu, vuta kijiti chake: kama kimetoka kikavu, hapo ndipo ilipo ile kukohoa kila ukikanyaga mafuta. Tia oili nyepesi kidogo, rudisha. Kusawazisha mbili hizo, weka mpira mwembamba sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, usikilize mluzi wa hewa. Moja ikilia zaidi ya mwenzake, rekebisha. Huhitaji mashine.

Spana ni jambo la kusema haraka. Nati za MGB ni za inchi. Spana ya milimita kumi na tatu inaingia kwenye nusu inchi, ndiyo, ikiwa na uhuru kidogo wa kula kona. Kumi na nne haiingii kabisa kwenye 9/16, na hapo ndipo nyundo na patasi zinapoitwa. Nunua seti ya inchi kabla ya kununua redio. Nunua na pampu ya grisi pia, kwa sababu miguu ya mbele ina nipeli, vile vichuchu vya kuingizia grisi, tatu kila upande, na vijana waliolelewa na magari yenye boljointi zilizofungwa kiwandani hawana sababu ya kuzitafuta.

Je, napinga kila uboreshaji? La. Kanuni yangu ni kwamba kinachofungwa kwa bolti na kufunguliwa kwa bolti kinaruhusiwa. Kinachotaka msumeno hakiruhusiwi. Betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, badilisha uweke moja ya 12. Rilei za taa kubwa, zile swichi ndogo zinazobeba umeme mkubwa, weka, swichi ya zamani inapumua. Mfumo wa kielektroniki wa kuwasha cheche badala ya platini unakaa chini ya kifuniko cha distribyuta na hakuna anayeuona, mradi uchague unaokubaliana na athi ya gari lako, na platini za zamani zikae buti. Kuhusu vali: petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na hedi za zamani zilitegemea risasi ile kulinda viti vya vali. Hedi ikifunguliwa kwa sababu nyingine, weka viti vigumu. Kuifungua kwa hofu tu ni kutafuta kazi.

Wapo watakaoniambia rilei ni dhambi, gari libaki kama lilivyotoka Abingdon. Hao nao wana magari yanayolala chini ya vitambaa. Langu linakwenda Muheza kununua machungwa.

Kwa sasa fedha zangu zinakwenda kwenye mhimili wa kushoto. Rangi nyekundu ambayo kila mtu ananiuliza itasubiri masika yapite, maana kupiga rangi kwenye unyevu wa Aprili ni kufungia maji ndani.