Gamba la kobe si nyumba yake

Majuzi bomba la ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, lilikauka, nikabeba mitungi kwenda kuomba maji kwa jirani wa nyuma, Baba Shiru. Ndipo nilipomwona. Kobe mwenye madoa, mkubwa kama sufuria ya ugali wa watu wanne, kafungwa kwa waya kwenye mguu wa tangi. Waya haukuzungushwa shingoni wala mguuni, ulipita kwenye tundu. Mtu alikuwa amechukua drili, akatoboa ukingo wa gamba juu kidogo ya mkia, akapenyeza waya na kuupinda ncha kwa koleo. Kandokando ya tundu palikuwa na utando mkavu wa kahawia, kama chai iliyolala kikombeni.

"Baba Shiru, huyu mmemtoboa?"

"Aah, jirani, hilo ni gamba tu. Hasikii kitu. Ni kama mtu atoboe geti lako, wewe utaumia?"

Nilijaza mitungi nikaenda zangu. Nilinyamaza kwa sababu maji nilikuwa nimeombea kwake, na adabu ya ploti ni adabu ya ploti. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana naye peke yangu ndani ya matatu.

Kosa si la Baba Shiru peke yake. Sote tuliambiwa tangu chekechea kwamba kobe hutembea na nyumba yake mgongoni. Hadithi zenyewe ni tamu, na kobe wa hadithi zetu ni mjanja kuliko sungura siku akiamua. Usione kobe kainama, anatunga sheria. Ila nyumba ni kitu unachotoka asubuhi ukafunga kufuli. Kobe hatoki. Gamba la mgongoni ni mbavu zake na uti wake wa mgongo, vikaungana na mifupa mingine vikawa bakuli moja la mifupa kama hamsini hivi. Jishike begani: mfupa wako wa bega uko nje ya mbavu. Wa kobe uko ndani. Katika wanyama wote wenye uti wa mgongo walio hai leo, ni jamaa ya kobe na kasa tu waliojipanga hivyo. Vile vigae unavyoviona juu ni keratini, kitu kile kile cha kucha zako, lakini chini yake kuna mfupa hai wenye damu na neva. Mkwaruze kobe mgongoni kwa kijiti uone kama hatajua.

Basi Baba Shiru hakutoboa geti. Alitoboa mfupa, bila ganzi.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha kuliko yote, nivumilie. Kwa muda mrefu wataalamu walijiuliza gamba lilianzaje, maana mnyama hawezi kuamka siku moja amekuwa bakuli. Mwaka 2008 wanasayansi nchini China walitangaza mabaki ya Odontochelys, kasa wa miaka milioni 220 hivi iliyopita. Alikuwa na meno, na alikuwa na gamba kamili la tumboni, lakini mgongoni hakuwa nalo, ila mbavu zilizopanuka. Tumbo lilitangulia, mgongo ukafuata. Ukirudi nyuma zaidi unafika kwetu Afrika, kwenye nyanda kavu za Karoo kule Afrika Kusini, kwa mnyama aitwaye Eunotosaurus, wa miaka milioni 260 hivi. Huyu hakuwa na gamba lolote, lakini mbavu zake zilikuwa pana ajabu, karibu kugusana. Mojawapo ya mabaki yake mazuri kabisa liliokotwa na mvulana wa miaka minane shambani kwa baba yake.

Mbavu pana ni hasara kwa mnyama anayetaka kukimbia. Zinakaza kiwiliwili, hatua inakuwa fupi, na kupumua kunakuwa kazi, kwa sababu mimi na wewe hupumua kwa kutanua mbavu. Hasara yote hiyo ya nini? Mwaka 2016 Tyler Lyson, mtaalamu wa mabaki ya kale, na wenzake walipendekeza jibu: kuchimba. Mnyama mwenye mikono ya nguvu akifukua udongo anahitaji kiwiliwili kigumu cha kujikita, la sivyo anasukumika yeye badala ya udongo. Kwa maoni yao, mbavu zilianza kupanuka kwa ajili ya jembe, na ngao ilikuja baadaye sana. Nikimwona kobe sasa, kwanza namwona mkulima.

Na kupumua je? Mbavu zikishaganda, kobe hutumia misuli ya tumbo iliyoshika mapafu kama kombeo. Hiyo ndiyo sababu ukimgeuza chali kwa mchezo, matumbo yanalalia mapafu na pumzi inakuwa nzito. Tulikuwa tukifanya hivyo utotoni Mwingi tukicheka. Naandika haya nikiwa na aibu kidogo.

Kuna kasa wadogo wa maji baridi Amerika Kaskazini wanaokaa miezi chini ya barafu bila kuvuta hewa. Mwili ukikosa oksijeni hutoa asidi, ile ile inayokuchoma mapajani ukikimbilia basi. Donald Jackson wa Chuo Kikuu cha Brown alionyesha kwamba gamba lao huachia madini ya kuituliza asidi hiyo, na nyingine huhifadhiwa ndani ya gamba lenyewe. Geti gani hufanya kazi hiyo?

Turudi Umoja. Kobe wa Baba Shiru alikuwa amewekewa mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Kuna nyumba Nairobi zinazoficha kobe na kumlisha hivyo, kisha humfungia kwenye boksi jikoni. Asipopata jua na kalisi, gamba huanza kulainika, hasa la mtoto anayekua. Lile la kuota vichuguu mgongoni, wafugaji walilaumu protini miaka mingi, hadi utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu kobe wa Sahel ukaonyesha kwamba hewa kavu ilichangia zaidi kuliko chakula. Nayapenda matokeo ya namna hii, yanayowaumbua wajuaji.

Na Mwingi kwetu kuna kobe wa majabali, bapa kama chapati, gamba laini unaloweza kulibonyeza kwa kidole. Akitishwa haingii ndani ya gamba, hukimbia na kujibana ufa wa mwamba. Hutaga yai moja moja, kwa hiyo ukibeba mmoja kumuuza, pengo lake halizibiki upesi. Mwaka 2019 CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea adimu, ulimweka daraja la juu kabisa la ulinzi.

Jumamosi nilirudi kwa Baba Shiru, safari hii bila mtungi. Nilimweleza habari za mbavu, nikamwambia pia kwamba kufuga kobe bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kesi. Sitajidanganya, nadhani neno "kesi" ndilo lililomgusa. Alileta koleo, akakata waya. Shiru alikuwa amechutama pembeni muda wote, kidole chake kikifuata mistari ya gamba.

"Baba, akitaga, watoto watatoka na tundu?"

"Hapana."

"Sasa hili litajiziba?"

Baba Shiru akanitazama mimi. Nikasema mfupa huziba, lakini wa kobe huchukua miezi mingi, na daktari wa wanyama aone kwanza. Baba Shiru alikuwa amekwisha kuchanganya saruji kidogo kwenye kopo la rangi. Akaisogeza kando kwa mguu, taratibu, kama ambaye hakuwa na mpango nayo.