Deni lililofutwa vitabuni: ukililipa, CRB inakupa nini?

Watalii walipokatika ghafla Machi 2020, Malindi ilibaki na hoteli zilizofungwa na simu zilizojaa ujumbe wa kudai. Mpishi wa hoteli, dereva wa tuktuk, nahodha wa mashua ya wageni na mama karanga anayewauzia samaki wa kukaanga wafanyakazi hao, wote walikopa wakitegemea pesa ya msimu. Msimu haukuja. Baadhi ya mikopo ile haijamalizwa mpaka leo, na mingine benki zimeshaifuta vitabuni. Hapo ndipo watu hupotea, maana mtu akisikia "limefutwa" hudhani kasamehewa.

Kwa taratibu za Benki Kuu ya Kenya, mkopo usiolipwa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa mbovu, na ukipita siku 360 huwekwa kundi la hasara. Benki hukata kiasi hicho kwenye faida yake, kisha huutoa mkopo kwenye mizania. Hayo ni mambo yake na wenye hisa wake. Wewe bado wadaiwa, na jina lako lilishapelekwa zamani kwa kampuni za taarifa za mikopo kama TransUnion, Metropol na Creditinfo, ambazo mtaani zote twaziita CRB.

Je, ukilipa leo alama zako, yaani namba ambayo CRB hukupa kuonyesha unavyoaminika kulipa, zitapanda? Zitapanda, lakini si kama unavyotarajia. Kinachobadilika upesi ni hali ya mkopo kwenye ripoti: kutoka deni bovu lililo wazi hadi deni lililolipwa. Kwa afisa wa mikopo tofauti hiyo ni kubwa kuliko alama zenyewe, kwa sababu akiona deni bovu lililo wazi, mara nyingi haendelei kusoma. Alama hufuata polepole, kadiri unavyokopa tena na kulipa kwa wakati.

Linalowaudhi watu ni hili: historia ya deni bovu hubaki kwenye ripoti miaka mitano tangu siku ulipomaliza kulipa. Aliyemaliza 2021 anasafika 2026. Atakayemaliza 2026 atangoja hadi 2031. Nimesikia watu wakilalamika kwamba huku ni kuadhibiwa kwa kulipa, na kwa kweli malalamiko hayo yana uzito wake. Lakini lisilolipwa kabisa halijaanza hata kuhesabiwa miaka, kwa hiyo mwenye kungoja hapunguziwi kitu.

Vijana wetu wanaotazama video za Marekani hukosea hapa. Kule rekodi mbaya hutoka baada ya miaka saba tangu mtu alipoanza kushindwa kulipa, awe amelipa au hajalipa. Tena mifumo yao ya alama haifanani: ile ya zamani ya FICO, kampuni inayotengeneza alama hizo, humpa aliyelipa deni lililokwishapelekwa kwa wakusanyaji wa madeni faida ndogo sana, ilhali toleo jipya zaidi, FICO 9, huliacha kando deni la namna hiyo likishalipwa lote. Mmarekani akikwambia "tulia, litajifuta", huenda kwao asemalo lina maana. Ukilifuata Malindi, utangoja bure.

Wanaosema usilipe nao wana hoja, na yenye nguvu zaidi ni ya sheria. Sheria ya Kenya ya ukomo wa madai inampa mdai miaka sita kwenda mahakamani kwa deni la mkataba. Lakini ukilipa sehemu yake, au ukikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi, miaka hiyo huanza upya. Kwa hiyo yule anayekupigia na kukuambia kwa sauti ya upole, "tuma hata mia tano tu, uonyeshe nia njema," haombi jambo dogo. Kwa deni la zamani sana, kulipa kidogo kidogo bila makubaliano ndiyo njia mbaya kuliko zote: umelifufua deni mahakamani, na kwenye CRB bado liko wazi. Afadhali kulipa kwa mkupuo kwa mapatano, au kutolipa kwanza mpaka upate uwezo.

Mapatano yapo. Novemba 2022 Benki Kuu ilitangaza mpango wa mikopo ya simu ya muda wa siku 30 au chini yake: mkopaji akipunguziwa nusu ya deni, alipe kilichobaki kufikia Mei 2023. Ilikusudiwa kuwafikia watu zaidi ya milioni 4.2, kwa madeni ya takriban shilingi bilioni 30. Waliokuwa wamelipa kamili mwezi mmoja kabla walinung'unika, na sidhani kama walikosea. Lakini mpango ule ulionyesha kwamba nusu yaweza kukubalika. Deni la benki nalo lina mpaka: tangu 2007 Sheria ya Benki inakataza riba kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki ulipogeuka mbovu. Ukikwama ukidaiwa 40,000, wakakuletea hesabu ya 130,000, una haki ya kuwauliza hiyo 50,000 iliyopita 80,000 imetoka wapi.

Mkishaelewana, usilipe kabla ya barua. Barua itaje namba ya mkopo, kiasi, kwamba ni malipo ya mwisho, na kwamba benki itapeleka mabadiliko CRB. Pesa iende kwenye akaunti ya mkopo wenyewe, si kwa namba ya simu ya mtu. Kisha omba ripoti yako, ambayo una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka, uhakikishe wameandika walichoahidi.

Huku kwetu kuna hesabu nyingine isiyoingia kwenye alama. Kabla ya jeneza kuswaliwa, husimama mtu wa familia akauliza nani anamdai marehemu. Kwa mwenye kulifikiria hilo, swali la CRB ni dogo. Lakini nimeona hoja hii ikimpeleka mtu pabaya: analipa mtaji aliokopa, anakataa riba kwa sababu ya dini, anaondoka akiamini mambo yamekwisha. Pengine mbele ya Mungu yamekwisha. Kwenye kompyuta ya benki bado anadaiwa. Anayetaka kulipa mtaji pekee aseme hivyo mapema, na benki ikubali kwa maandishi kusamehe kilichobaki.

Kwa mama karanga ambaye mtaji wake hutoka kwenye chama na hana haja ya benki, sioni sababu ya kuuza friji ili apate alama. Aweke akiba taratibu mpaka afikie kiasi cha mapatano. Anayetaka mkopo wa mashine ya boti mwaka huu ni mwingine: huyo aanze mazungumzo sasa, tena kwa madeni yote yaliyo wazi, kwa sababu akilipa la benki akaacha la simu la elfu tatu, ripoti itaendelea kusema ana deni bovu.