Nati Haikazwi kwa Misuli

Kusi lilikuwa limeshika. Tumetoka Mkokotoni kwenda Tumbatu, boti imejaa magunia ya mchele, kuku, na bibi mmoja na godoro lake. Katikati ya mkondo mashine ikapiga ukelele, inazunguka kwa kasi ya ajabu, na sisi hatwendi. Nahodha akaiinua. Panga, lile linalozunguka majini kuisukuma boti, hakuna! Nati imejifungua ikaondoka nalo, vyote viko chini na changu. Tulivutwa na mashua, bibi akisoma dua njia nzima, nyingine nadhani za kutuapiza.

Boti ni ya shemeji yangu, ndiyo maana niliufuatilia mkasa. Fundi aliyelifunga panga wiki tatu kabla alichomeka msumari mahali pa kotapini, ile pini ya kukunjwa ncha inayoizuia nati isirudi. Msumari ukaliwa na chumvi, ukakatika. Alipoulizwa alijibu bila wasiwasi: "Mie niliikaza mpaka ikalia, sheikh."

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kwetu nati ikilegea tunamlaumu aliyeikaza, kwamba mikono yake laini. Lakini ukikaza, boliti inavutika kidogo kama springi, na mvuto ule ndio unaobana. Mashine ikitetema, vile vitu viwili vilivyobanwa huteleza kwa ubavu, padogo hata jicho halioni, na kila vikiteleza nati hurudi nyuma kidogo kwenye nyuzi zake. Mjerumani Gerhard Junker alilieleza hili mwaka 1969, na namna yake ya kupima nati ndiyo inayotumika hadi leo. Ukizidisha nguvu unaua nyuzi au unakata boliti. Na springi washa, ile pete iliyokatwa inayokaa chini ya nati, tunayoiamini kama hirizi, mtikisiko wa ubavu hauistahi.

Nati inataka kitu cha kuizuia isirudi. Ya panga imechongwa meno kama ukuta wa ngome. Kotapini inapita kwenye tundu la shafti, ile fimbo ya chuma inayolizungusha panga, inalala baina ya meno mawili, ncha zinakunjwa. Basi. Ila iwe ya chuma kisichoshika kutu, na ikishakunjuliwa itupwe, itiwe mpya. Usipake gundi hapo, kwa sababu panga lenyewe lataka kufunguliwa mara kwa mara: mishipi ya wavuvi hujisokota kwenye shafti, ikakata sili, ile pete ya kuzuia maji, maji yakaingia kwenye oili ya gia, nawe ukaikuta nyeupe kama tui.

Gundi ya nati nayo ina mahali pake, kwenye pleti za pikipiki na mabano ya taa. Hii haikauki kwa hewa, inakauka kwa kukosa hewa ikiwa imebanwa na chuma. Ndiyo maana kichupa chake dukani hakijazwi, wala muuzaji hajakuibia. Nyuzi zisafishwe oili na chumvi kwanza, tone moja linatosha, kisha iache siku nzima. Chukua ya buluu, inafunguka kwa spana. Nyekundu itakupeleka kwenye moto, haifunguki mpaka uipashe.

Wengine hupiga nati mbili. Sawa, lakini tunazipanga kinyume: inatakiwa nyembamba chini, nene juu, kwa sababu ya juu ndiyo inayobeba mzigo. Kila nikilisema hili gereji nachekwa.

Na mwenye baiskeli Pemba asijione hayamhusu. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume, kusudi mguu usiifungue njiani. Aliyeibuni hakutegemea misuli ya mtu.

Shemeji sasa ana kopo la kotapini chini ya kiti cha nahodha. Mie nimeongeza jambo langu: kila nati ya mashine naichora mstari wa rangi ya kucha, unaoanzia kwenye nati ukaishia kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukivunjika, nati imetembea, na unaona kabla ya kung'oa nanga. Mama watoto ananidai chupa ya pili, na anataka ile ile nyekundu.