Eti afya ya jamii ni ya waliokosa udaktari

Juzi jamaa mmoja, mtu mzima na heshima zake, alimgeukia binti aliyechaguliwa kusoma afya ya jamii: "Pole mwanangu, maksi za udaktari hazikutosha?" Watu wakacheka. Binti naye akacheka, kwa adabu tu. Mimi nikanuna, na mpaka naandika hapa bado nimenuna.

Haya, tumchukue John Snow, daktari wa Uingereza wa karne ya 19, huyo "aliyekosa udaktari". Mwaka 1853 ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu, dawa ya kutuliza uchungu, wakati wa kujifungua. Angeweza kutulia hapo, akala jina lake. Mwaka uliofuata kipindupindu kikafyeka watu Soho, London, na yeye akaenda kugonga milango ya waliofiwa, akiuliza walikuwa wakichota maji wapi. Wakubwa wa enzi hizo walishikilia kwamba ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Snow akakuta wafanyakazi wa kiwanda cha bia, jirani kabisa na pampu ya Broad Street walikochota maji wengi wa waliokufa, wako wazima. Walikunywa bia yao, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Hewa walivuta ileile! Mpini wa pampu ukang'olewa.

Huruma kila mtu anayo. Wanaokuja huku kwenye afya ya jamii, nionavyo, wamekereka. Mtoto anatibiwa kuhara, anaruhusiwa, baada ya wiki mbili huyo amerudi, safari hii na mdogo wake. Yupo atakayeandika dawa zilezile na kuita anayefuata. Yupo pia ambaye usingizi hauji mpaka ajue hao watoto wanakunywa maji gani. Huyo ndiye tunayempa pole?

Wengine huvutwa na yaliyowapata. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, ndiye mtu wa mwisho kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida, mwaka 1977. Chanjo alikuwa ameikwepa, anaogopa sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuhimiza chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi kisa chake mwenyewe. Maksi za huyo sijui mtazitafuta wapi.

Na wanaofuata posho za semina? Wapo, siwatetei. Wengine ratiba ya chai wanaijua kuliko ratiba ya chanjo. Ila watu wa namna hiyo hata udaktarini wamejaa, tena na stethoskopu shingoni.