Unknown Pleasures ya 2007: thamani iko kwenye diski ya pili

Kila kampuni ya muziki inapotoa upya albamu ya zamani, ugomvi huwa uleule. Huyu anafurahi kwamba historia imehifadhiwa, yule analalamika kwamba anauziwa mara ya pili kitu alichonacho nyumbani. Kwa toleo la Unknown Pleasures lililoingia sokoni Septemba 2007, naona pande zote mbili ziligombea diski isiyo yenyewe.

Hiyo ni albamu ya kwanza ya Joy Division, vijana wanne wa Salford na Macclesfield, kandokando ya Manchester, waliopiga ile roki iliyozaliwa wakati panki, roki ya kasi na hasira, ilipoanza kuchoka. Waliirekodi Aprili 1979 katika studio za Strawberry mjini Stockport. Juni ikatolewa na Factory Records, lebo ndogo ya Tony Wilson, kwa nakala 10,000 za kuanzia. Nyimbo ni kumi, na dakika hazifiki arobaini. Mei 1980 mwimbaji wao, Ian Curtis, alijiua akiwa na umri wa miaka 23, na tangu hapo ni vigumu kuisikiliza albamu hiyo bila kifo chake kuja akilini. Toleo la 2007 lina diski mbili za CD: albamu iliyofanyiwa masta upya, yaani sauti yake ya mwisho imerekebishwa tena, na shoo waliyopiga Hulme, mtaa wa Manchester, katika klabu iliyoitwa Factory kama lebo yenyewe, tarehe 13 Julai 1979, wiki nne kamili baada ya albamu kutoka.

Ili kuelewa ugomvi wenyewe lazima umjue prodyuza, Martin Hannett. Alikuwa mtu wa vifaa na wa vituko. Mpiga dramu, Stephen Morris, alipigishwa naye dramu kipande kimoja kimoja ili mlio wa kimoja usivujie kwenye kingine, kisha Hannett akaipitisha milio hiyo kwenye mashine ya kuchelewesha sauti, teknolojia ambayo wakati huo ilikuwa ngeni studioni. Kwenye Insight unasikia lifti ya jengo. Kwenye She's Lost Control kuna mlio wa kopo la kupulizia dawa, fss, unaokwenda pamoja na dramu. Katikati ya vyombo aliacha nafasi tupu, pana, hata sauti ya Curtis ikawa kama inatoka chumba cha pili.

Wenye nyimbo hawakufurahi. Mpiga gitaa Bernard Sumner na mpiga besi Peter Hook wamesema mara nyingi kwamba jukwaani muziki wao ulikuwa mzito na wa kelele, na Hannett akaupoza, hasa magitaa. Hook alikuja kukiri baadaye kwamba kazi ya Hannett ilikuwa nzuri.

Sasa tuje kwenye masta. Wanaoitetea wana hoja ya haki. CD nyingi za mwanzoni, zile za miaka ya 1980, zilitengenezwa wakati mafundi wenyewe bado wanajifunza teknolojia hiyo, na mara nyingi sauti ilitoka nyembamba. Anayetaka santuri ya 1979 lazima ajipange kwa pesa ya mkusanyaji. Kijana anayesikiliza kwa spika za masikioni ndani ya basi anahitaji besi yenye mwili, na toleo la 2007 linampa: mwanzo wa Shadowplay, ile besi ya Hook inakukamata.

Lakini katikati ya miaka ya 2000 ulikuwa msimu wa kupandisha sauti. Fundi anabana tofauti kati ya palipo kimya na penye kelele, kisha anasukuma kila kitu juu hadi karibu na ukomo wa diski. Muziki wa dansi unaweza kuvumilia hilo. Kwa Hannett tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sikiliza I Remember Nothing, wimbo wa mwisho, karibu dakika sita za kujikokota gizani, halafu glasi inavunjika. Glasi hiyo inatakiwa ikushtue. Ukiinua ukimya unaoizunguka, inabaki kelele kati ya kelele nyingine. Na Hannett hakuwepo kupinga: alifariki Aprili 1991, Factory ikafilisika mwaka uliofuata, na Wilson naye alifariki Agosti 2007, wiki chache tu kabla ya toleo kutoka.

Hata hivyo tusimzike Hannett mara mbili. Kufanya masta upya si kuchanganya vyombo upya. Fundi wa masta anashika mkanda uliokwisha kuchanganywa; hawezi kulivuta gitaa la Sumner peke yake likae mbele. Waliotarajia hatimaye kupata albamu waliyoitaka wanamuziki walitarajia kisichowezekana, na wanaolia kwamba Hannett amefutwa wametia chumvi.

Albamu waliyoitaka wanamuziki, au kitu kilicho karibu nayo sana, iko kwenye diski ya pili. Sauti yake ni chafu, sibishi. Lakini She's Lost Control inakuja na gitaa linalokwaruza na Curtis akiwa usoni mwako, na Transmission, ambayo albamu haina kabisa, inapigwa kwa hasira. Nyimbo nyingi ni zilezile na watu ni walewale, miezi mitatu tu baada ya kutoka studioni. Kwa mara moja msikilizaji anaweza kuamua mwenyewe kesi ya Sumner dhidi ya Hannett badala ya kuisoma kwenye mahojiano. Mimi nampa Hannett ushindi, tena baada ya kuipenda sana shoo ile: Uingereza ya 1979 ilikuwa na bendi nyingi za kunguruma, lakini hakuna nyingine iliyosikika kama diski ya kwanza.

Wapo wanaosema kitu kilichokamilika kisiongezwe. Santuri ya asili ilikuwa na upande ulioitwa Outside na mwingine Inside, na jalada jeusi la mbunifu Peter Saville lenye mawimbi ya pulsa CP 1919, nyota inayotoa mapigo ya redio, bila hata jina la bendi mbele. Nawaelewa, ila shoo iko kwenye diski yake, usipotaka, usiiweke.

Lalamiko zito ni jingine, na mwaka 2007 halikuonekana. Leo wengi wanasikiliza kwa kutiririsha mtandaoni, na huko nyimbo hizi zimekuwa zikibandikwa maneno "2007 Remaster". Aliyenunua diski zamani anaweza kulinganisha. Kijana wa leo anaidhani hiyo ndiyo 1979 yenyewe. Mwaka 2019, albamu ilipotimiza miaka 40, kampuni ilitoa santuri nyekundu yenye jalada jeupe, pambo zuri la kabatini. Kuyaweka mtandaoni matoleo yote mawili ya sauti, la zamani na la 2007, kungegharimu sehemu ndogo tu ya pesa ya kuchapa santuri hizo.